Kigari cha watoto wawili: jinsi ya kuchagua ukiwa na anayetembea na kichanga

Tangu nijifungue wa pili, hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza habari za kigari. Wifi yangu wa Mbezi, jirani wa ghorofa ya juu, akina mama tunaokutana kliniki siku ya kupima uzito, wote wanauliza yale yale. Ninunue cha viti sambamba au cha mmoja mbele mwingine nyuma? Mtoto wa siku kumi anaweza kulala humo? Cha mtumba kinafaa? Nimeyaandika yote hapa ili mwenye haja asome kwa utulivu kabla hajatoa hela yake.

Mimi naishi Sinza, Dar es Salaam. Mkubwa wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano mdogo wake alipozaliwa. Ikafika wiki ambayo mkubwa anadaiwa chanjo ya surua ya miezi 18 na mdogo anadaiwa chanjo za wiki sita, nikaona niwapeleke wote siku moja. Kigari nilichokuwa nacho kilikuwa kirefu, chembamba, matairi madogo ya plastiki, mkubwa amekaa mbele na mdogo amelala nyuma yake. Hatua chache kabla ya geti la kliniki kuna mchanga. Matairi ya mbele yakazama. Nikakandamiza mpini ili ninyanyue mbele, hakinyanyuki, maana kilo kumi na moja za mkubwa zote zilikuwa juu ya matairi yale. Nikamfungua mkubwa nimshushe, akachoropoka kuelekea barabarani. Nikamkimbilia, nikaacha kigari na kichanga ndani. Breki sikuwa nimeweka. Hakikwenda popote kwa sababu kilikuwa kimenasa, lakini hadi leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Kwa hiyo nitakayosema yanatokana na njia zetu za huku. Ukiwa sehemu yenye lami na njia nzuri za waenda kwa miguu utaruka baadhi ya mambo, ila hatua ya 4 usiiruke popote ulipo.

Nitatumia majina mawili rahisi. Kigari cha sambamba ni kile ambacho watoto wanakaa bega kwa bega. Kigari cha foleni ni kile ambacho mmoja yuko mbele na mwingine nyuma yake au chini yake.

## Andaa hivi kwanza

- Futi ya fundi. Ya cherehani pia inatosha.
- Uzito wa mkubwa wa hivi karibuni, kutoka kwenye kadi ya kliniki.
- Kiroba cha unga cha kilo 10 na mfuko wa kilo 5. Utakwenda navyo dukani, nitaeleza.
- Vipimo vya buti la gari utakalotumia: upana, kina, na urefu wa kwenda juu hadi mlango unapofungia.
- Simu yenye tochi.
- Mkubwa mwenyewe, pamoja na mtu mzima mmoja wa kumshika.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli unakihitaji

Tazama umri wa mkubwa siku mdogo atakapozaliwa.

Akiwa hajafika miaka miwili, kiti atakihitaji. Anatembea, ndiyo, lakini hafiki mbali, na akichoka anakaa chini palepale alipo. Akiwa na miaka miwili na nusu kuelekea mitatu, viti viwili utavitumia miezi michache tu, kisha utabaki unasukuma kigari kizito chenye kiti kitupu. Akishapita mitatu, sikushauri kabisa.

Kuna njia mbili za kuokoa hela. Ya kwanza ni kigari cha mtoto mmoja na mbeleko: mkubwa kwenye kiti, kichanga mwilini mwako. Mbeleko ndiyo iliyotulea sisi na inapita mahali ambapo hakuna tairi litakalopita. Ila kichanga ambaye shingo haijakaza mbebe kifuani, uso wake uuone muda wote, kidevu kisizame. Ya pili ni kibao chenye magurudumu kinachofungwa nyuma ya kigari cha kawaida, mkubwa anasimama juu yake huku kashika mpini. Vingi vimetengenezwa kwa mtoto wa kuanzia miaka miwili asiyezidi kilo 20.

Kama mkubwa bado mdogo na safari zako za miguu ni za kila siku, endelea kusoma.

## Hatua ya 2: Tembea njia zako tatu bila kigari

Chagua njia tatu unazopita zaidi kwa wiki. Kwangu zilikuwa kliniki, sokoni na kwa mama mkwe. Zitembee taratibu na uhesabu: mitaro ya kuvuka, sehemu zenye mchanga au kokoto, ngazi, miteremko, na sehemu ambazo ukikutana na bajaji mmoja lazima apishe. Andika kwenye simu. Orodha hii ndiyo itakayokuchagulia matairi na upana, na muuzaji hawezi kuijua zaidi yako.

Usafiri nao. Kama unategemea daladala, usinunue kigari cha watoto wawili. Hakuna pa kukiweka, na kukikunja kituoni na watoto wawili mkononi huku konda anaita abiria ni kujitesa. Mwendokasi ni nafuu kwa sababu jukwaa la kituo liko usawa wa sakafu ya basi, kigari kinaingia bila kunyanyuliwa, ila epuka asubuhi na jioni watu wanaposongamana. Kwa bajaji, mwombe dereva uliyemzoea asimame dakika tano ujaribu kukipakia kikiwa kimekunjwa. Ukijaribu kabla ya kulipa, unajaribu na kigari cha kuazima cha ukubwa huohuo, au unamwomba muuzaji akitoe nje.

## Hatua ya 3: Pima milango, kisha buti

Vigari vingi vya sambamba vina upana wa kati ya sentimita 70 na 80. Vya foleni vingi viko karibu na 60, upana uleule wa kigari cha mtoto mmoja, lakini ni virefu.

Pima uwazi wenyewe wa mlango, si fremu. Fungua mlango mpaka mwisho, weka futi kutoka upande mmoja wa fremu hadi kwenye uso wa mlango upande wa pili. Kama una grili, pima ya grili pia, mara nyingi ndiyo nyembamba. Toa sentimita tatu za vidole vyako. Kinachobaki ndicho kikomo cha upana wa kigari. Usisahau geti dogo la uani na lifti kama unaishi ghorofani. Jirani yangu alinunua cha sambamba kizuri sana, kinaingia sebuleni, hakiingii kwenye lifti. Kila siku anakikunja mapokezi, kichanga kampa mlinzi amshikie.

Kwa wanaokaa ghorofani bila lifti, pima jambo moja zaidi: mgongo wako. Vigari vya watoto wawili vingi vina kilo 10 hadi 17 vikiwa vitupu. Kama umejifungua kwa upasuaji, wiki sita za mwanzo usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako. Tafuta pa kukifungia chini, karibu na ngazi.

Buti sasa. Watu wengi mjini hapa wanaendesha Toyota IST, na buti la IST ni fupi kwa kina. Omba vipimo vya kigari kikiwa kimekunjwa na ulize kama matairi ya nyuma yanachomoka. Mengi yanachomoka kwa kubonyeza kitufe, na kitendo hicho pekee kinaweza kupunguza kimo cha kigari kilichokunjwa mpaka buti lifunge. Nyumbani chora mstatili wa vipimo hivyo kwa chaki sakafuni, kata maboksi ya ukubwa huo, uyaingize kwenye buti.

## Hatua ya 4: Kiti cha kichanga lazima kilale

Hapa naomba tuelewane vizuri.

Mtoto aliyezaliwa hana nguvu ya shingo. Ukimkalisha kwenye kiti kilichosimama, kichwa chake kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa, ambayo kwake ni nyembamba kama mrija, inajipinda. Halii. Anaonekana kama amelala tu. Ndiyo maana hadi miezi sita anatakiwa alale chali, mgongo umenyooka, sehemu ngumu na bapa.

Kiwango cha Ulaya cha vigari vya watoto, EN 1888, kinasema kiti ambacho mgongo wake haufunguki kufikia nyuzi 150 kutoka kwenye kikalio lazima kiwe na onyo kuwa hakifai kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Kigari cha mtumba kilichotoka Ulaya huwa na onyo hilo kwa Kiingereza kwenye lebo iliyoshonwa chini ya kikalio au kubandikwa kwenye fremu. Litafute kwa tochi. Kwenye kigari cha watoto wawili soma lebo ya kila kiti, maana mara nyingi kiti kimoja kinalala na kingine hakilali. Kwenye vigari vya foleni, kiti cha mbele ndicho hasa kisicholala.

Ukikosa lebo, laza kiti mpaka mwisho na upige picha kwa ubavu. Kikionekana kama mtu aliyeegemea kwenye kochi, hakifai kwa kichanga. Kikionekana kama kitanda chenye mwinuko kidogo tu, kinafaa. Kitanda kidogo kinachopachikwa juu ya fremu ndicho bora kuliko vyote, kama bajeti inaruhusu.

Sasa kosa ambalo huku kwetu nimeliona mara nyingi mno: mama anaona kiti hakilali, anachukua khanga mbili na mto, anajaza nyuma na pembeni ili mtoto "akae vizuri". Mwenzangu, usifanye hivyo. Mto unasukuma kichwa mbele zaidi, na kitambaa kilicholegea kinaweza kuteleza kikamfunika pua. Kiti kisicholala hakigeuzwi kitanda kwa matandiko.

Kuna pia vigari vinavyopokea kiti cha gari cha kichanga juu ya fremu. Kwa kumtoa kwenye gari na kuingia naye dukani ni sawa. Kwa kumlaza humo saa nzima na zaidi si sawa, kwa sababu ileile ya kidevu na kifua. Ukifika, mtoe alale pa bapa.

## Hatua ya 5: Chagua kati ya sambamba na foleni

Sasa vipimo unavyo, njia unaijua, kiti cha kulala umeelewa. Uamuzi unakuwa mwepesi.

Sambamba uzito wake umegawanyika sawa juu ya matairi ya nyuma, hivyo ukikandamiza mpini mbele inanyanyuka kirahisi. Kwenye mitaro na matuta hili ni jambo kubwa kuliko yote. Kinakata kona vizuri. Kila mtoto ana paa lake, unaweza kumlaza mmoja na mwingine akakaa, na wote unawaona kwa kuinama kidogo tu. Ubaya wake ni upana, na mkono wa mkubwa kumfikia mdogo. Wangu alikuwa akimpa mdogo wake biskuti. Kwa upendo kabisa, lakini mtoto wa miezi miwili na biskuti ni hatari, kwa hiyo mkubwa asile chochote mdogo akiwa pembeni yake, au uweke kizuizi cha kitambaa katikati kama kigari kimekuja nacho.

Foleni kinapita popote panapopita cha mtoto mmoja. Madukani na kwenye lifti ni raha. Lakini ni kirefu, kukigeuza kwenye kichochoro kunataka nguvu, na kukinyanyua juu ya ukingo wa barabara ndiko kulikonishinda mimi. Kama kiti cha pili kiko chini, karibu na kapu la mizigo, kichanga akiwekwa huko humwoni bila kuchuchumaa, na hewa ni kidogo. Mkubwa akiwekwa huko haoni chochote isipokuwa mgongo wa kiti cha mwenzake, anachukia, anaanza kupiga mateke.

Vipo pia vya aina ya tatu: vinaanza na kiti kimoja na unaongeza cha pili unapokihitaji. Vizuri kwa mwenye mpango wa kukitumia miaka mingi. Hakikisha kile kiti cha pili kinapatikana kweli, maana mtumba mara nyingi unakuja fremu na kiti kimoja, na kipande kinachobaki hukipati.

Ukiniuliza mimi, kwa mitaa yetu ya mchanga na mitaro, kama mlango wako unaruhusu, chukua sambamba. Nilibadilisha na sikujuta. Anayeishi ghorofani na matembezi yake ni dukani na kwenye viwanja vyenye sakafu, achukue foleni.

## Hatua ya 6: Angalia matairi kabla ya rangi

Matairi madogo magumu ya plastiki ni ya vigae. Kwenye mchanga yanalima, kwenye kokoto yanamtikisa mtoto mpaka anaamka.

Unachotaka ni matairi makubwa nyuma, inchi 10 hadi 12, na ya mbele yasiwe madogo sana. Ya upepo ndiyo laini kuliko yote. Usiogope pancha: tairi nyingi za inchi 12 za vigari zinatumia tyubu za ukubwa wa baiskeli ya mtoto, na fundi baiskeli wa mtaani anaziba kama kawaida. Soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, mpelekee. Kama hutaki habari za pampu, chagua ya mpira mzito uliojazwa. Hayana pancha na mchangani yanajitahidi.

Ya mbele yawe na kitufe cha kuyafunga yasizunguke. Kwenye mchanga yafunge yaelekee mbele tu, utaona tofauti mara moja. Kisha ulize au ujaribu kama kuna springi: kandamiza kiti kwa mkono, kirudi juu taratibu.

## Hatua ya 7: Kagua cha mtumba kama fundi

Wengi wetu tutanunua mtumba, na hakuna ubaya. Vingi vinakuja ndani ya makontena pamoja na baiskeli na mabegi, na fremu nzuri inadumu kwa watoto kadhaa. Chukua muda wako, muuzaji asikuharakishe.

1. Breki. Weka breki, sukuma kwa nguvu mbele na nyuma. Kisha kipeleke kwenye mteremko na uweke mzigo. Breki inaweza kushika kwenye sakafu tambarare na ikaachia kwenye mteremko. Ikisogea hata kidogo, acha.
2. Kifungio cha kukunjia. Kigari kikifunguliwa lazima kilie "ta!" na kiwe na kufuli la pili la kuzuia kisijikunje chenyewe. Tikisa mpini juu na chini. Kikilegea, kinaweza kufunga watoto wakiwa ndani.
3. Viungio vya fremu. Pitisha macho, si vidole, mahali pote panapojikunja. Mwaka 2009 kampuni ya vigari ya Maclaren iliviita virudi vigari vyake vipatavyo milioni moja vilivyouzwa Marekani, vikiwemo vya watoto wawili, baada ya watoto 12 kukatwa ncha za vidole na viungio vya kukunjia. Kampuni ilitoa vifuniko vya kuziba viungio hivyo. Ukikuta kigari cha zamani cha jina hilo, angalia kama vifuniko vipo. Na kwa kigari chochote: mtoto asiwe karibu unapokikunja au kukikunjua.
4. Mikanda. Kila kiti kiwe na mkanda wa sehemu tano: mabega mawili, nyonga mbili, na wa katikati ya miguu. Funga, vuta kwa nguvu, fungua. Uzi uliochanika au kifungio kinachoachia kwa kuvuta tu, acha.
5. Kitambaa. Funua chini ya kikalio umulike. Ukungu wa safari ya baharini unajificha huko. Madoa ya juu yanafuliwa. Fremu yenye kutu kwenye maungio ndiyo mbaya.
6. Lebo ya uzito. Vigari vingi vinabeba kilo 15 kwa kila kiti, vingine hadi 22. Linganisha na kadi ya mkubwa. Akiwa na kilo 13 sasa, kiti cha kilo 15 hakitamfikisha mbali.

Ndugu akikuletea kutoka Uingereza au Oman, mwambie akupigie video akifanya ukaguzi huu huu kabla hajakipakia.

## Hatua ya 8: Jaribu na viroba

Kigari kitupu kinateleza vizuri kwa kila mtu, na hapo ndipo tunapodanganyika. Weka kiroba cha kilo 10 kwenye kiti cha mkubwa, ule mfuko wa kilo 5 kwenye cha kichanga, fungia kwa mikanda. Sasa fanya haya, nje ya duka, kwenye ardhi halisi:

Sukuma kwa mkono mmoja hatua kumi. Geuka kulia, geuka kushoto. Tafuta ukingo au tuta, kandamiza mpini, panda. Kikikataa na viroba, kitakataa na watoto. Ingia kwenye mchanga kidogo. Kisha toa mzigo, kikunje, kifungue, mara tatu, wewe mwenyewe na si muuzaji. Mara ya tatu jaribu mkono mmoja ukiwa umeshika mfuko wa kilo 5 kama mtoto. Mwisho kinyanyue mpaka usawa wa buti.

Muuzaji mmoja alinitazama na viroba vyangu akaniuliza kama nahamia dukani kwake. Baadaye aliniambia wateja wengine ameanza kuwapa mifuko yake ya mchele wajaribie.

Wa mwisho kujaribu ni mkubwa. Mkalishe, mfunge, msukume. Miguu ifike kwenye kikanyagio, kichwa kisiguse paa.

## Hatua ya 9: Wiki ya kwanza nyumbani

Fua vitambaa vyote, anika juani. Paka mafuta kidogo ya cherehani kwenye ekseli.

Zoea mpangilio mmoja usiobadilika. Breki kwanza. Halafu mkubwa, mfunge. Halafu kichanga, mfunge. Halafu mizigo kapuni. Wakati wa kushuka: breki, mizigo yote itoke, kichanga, kisha mkubwa akiwa wa mwisho ili asikukimbie mikono ikiwa imejaa. Mikanda ni kila safari, hata mtoto akiwa usingizini. Mwaka 2010 kampuni ya Graco iliviita virudi vigari takriban milioni 2 huko Marekani baada ya vichanga wanne kufariki. Watoto wasiofungwa mikanda wanaweza kuteleza katikati ya kikalio na meza ya mbele, wakakabwa shingo.

Usitundike kapu la sokoni kwenye mpini. Mkubwa akishuka, uzito wote unabaki nyuma na kigari kinabinuka na kichanga ndani.

Na jua letu. Najua tunafunika na khanga, nia ni njema. Mwaka 2014 gazeti la Svenska Dagbladet la Sweden lilipima kigari juani: bila kufunikwa ndani kulikuwa na nyuzi 22 za sentigredi, kikifunikwa kwa kitambaa chembamba zikafika 34 ndani ya nusu saa na 37 baada ya saa moja. Hapo ni Sweden. Tumia paa la kigari, mwavuli wa kubana, au chandarua chenye matundu, tembea kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na mguse mtoto shingoni kila mara. Nailoni ya mvua ivuliwe mvua ikikata tu.

## Kikisumbua

Kinavuta upande mmoja. Mara nyingi upepo haulingani. Jaza matairi yote sawa. Kwa sambamba, mkubwa ni mzito, kwa hiyo kuvuta kidogo ni kawaida. Weka mizigo ya kapuni upande wa kichanga.

Tairi la mbele linatetemeka ukienda haraka. Lifunge lielekee mbele. Likiendelea, skrubu ya uma wake imelegea, kaza.

Kinalia kwi kwi. Mchanga umeingia kwenye ekseli. Chomoa tairi, futa nywele na mchanga, paka mafuta.

Kifungio cha mkanda kigumu. Makombo na juisi. Kisukutue kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni nyingi, kikauke, jaribu tena. Usipake mafuta hapo, vumbi litaganda.

Hakikunjiki. Angalia kama kuna kitu kapuni, kama viti vimesimamishwa, na kama breki imewekwa. Vingi vinataka breki kwanza. Usilazimishe kwa goti, utapinda kiungio.

Mkubwa hataki kukaa. Wangu alikataa wiki nzima. Nilimwachia atembee mwanzo wa safari, akishika pembeni ya fremu, mpaka alipochoka na kuomba mwenyewe. Nikampa kazi: yeye ndiye wa kusema "breki" tunaposimama. Sasa nikisahau ananikumbusha kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara.

Kichanga analia kila ukimlaza. Angalia joto kwanza, kisha mkanda unaobana mapajani, kisha mwanga machoni. Kama vyote viko sawa, mchukue kifuani kwa mbeleko na usukume mkubwa na kiti kitupu. Baada ya wiki chache jaribu tena kwa safari za dakika tano tano kuzunguka nyumba.

Breki imeanza kuteleza. Usitoke nacho. Mpelekee fundi baiskeli siku hiyohiyo. Kwenye vigari vingi ni meno ya plastiki yaliyolika au waya uliolegea unaokazwa kwa spana namba 10. Kama ni meno na hakuna ya kubadilisha, hicho kigari kimekwisha kazi, hata kama kingine chote ni kipya, na usimpe mtu mwingine.